Nafaka na kinywa: tujifunze herufi moja ya Kichina



Hapa Kisangani maandishi ya Kichina tunayaona kila siku. Yako kwenye maboksi ya tochi, kwenye redio ndogo, kwenye pikipiki na kwenye bidhaa za plastiki sokoni. Wengi wetu tunayapita kama michoro tu. Katika somo hili tunachukua herufi moja kati ya maelfu. Tutaisoma polepole, tutaiandika kwa mikono yetu, kisha tutaona ina nini cha kuwaambia watu wanaotafuta njia ya kurudi nyumbani.

Herufi yenyewe ni hii: 和

Maana yake ni amani, maelewano, kupatana. Na herufi hiyohiyo ndiyo Wachina wanayotumia kila siku kusema "na": baba na mama, mimi na wewe.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini twende mpaka China, wakati sisi tuna neno letu amani? Ni kwa sababu neno amani tumelisikia sana. Limesemwa kwenye redio, kwenye mikutano, kwenye mabango. Neno likisemwa kila siku linapita masikioni bila kusimama. Herufi ngeni inatusimamisha na kutuuliza swali la mtoto: amani imetengenezwa kwa vitu gani?

Kusudi la somo. Mwisho wa somo kila mshiriki aweze kuandika 和, kueleza maana zake, na kuitumia kuzungumza juu ya kurudi nyumbani na kuishi tena na jirani.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: ubao na chaki, au kijiti na mchanga. Asiyejua kusoma asibaki nje. Katika herufi hii wote tunaanza sawa, mwalimu na mkulima.

1. Tuiandike

Herufi 和 ina mistari 8 na sehemu mbili.

Upande wa kushoto ni 禾, mmea wa nafaka unaosimama shambani. Una mistari 5:
- mstari mfupi juu, unaoteremka kuelekea kushoto: ni suke lililoinama kwa uzito;
- mstari wa kulala, kutoka kushoto kwenda kulia;
- mstari wa kusimama, kutoka juu hadi chini;
- mstari wa mshazari unaoteremka kushoto;
- mstari mfupi unaoteremka kulia.

Upande wa kulia ni 口, kinywa. Una mistari 3:
- mstari wa kusimama wa upande wa kushoto;
- mstari unaoanzia juu, unaokwenda kulia na kuteremka bila kuinua kijiti;
- mstari wa chini unaofunga.

Kwa kuitamka, sema "ho", lakini midomo isiwe duara, iache wazi kidogo kama unayetaka kutabasamu. Kisha pandisha sauti, kama mtu aliyeitwa akajibu kwa kuuliza "Ee?" Wachina wanaoandika kwa herufi za Kilatini huiandika hé, na alama ile ya juu inaonyesha kwamba sauti inapanda. Sauti ikibadilika, neno linabadilika. Hata sauti ikiwa ileile, kuna herufi nyingine zinazosomwa hé: moja maana yake ni mto, nyingine ni kuungana. Kwa hiyo Mchina akitaka kuwa na hakika, anaangalia herufi ilivyoandikwa.

2. Maelezo mawili ya asili yake

Maelezo ya kwanza ndiyo yanayopendwa na watu wengi. Wanasema: tazama, nafaka iko karibu na kinywa. Penye chakula kwa kila kinywa, pana amani. Maelezo haya ni rahisi kukumbuka, na mtu aliyelala njaa katika makao ya muda hahitaji mwalimu wa kumfafanulia.

Maelezo ya pili ni ya wataalamu wa maandishi. Karibu mwaka 100 baada ya Kristo, mwanachuoni Xu Shen alimaliza kamusi kubwa ya kale ya herufi za Kichina. Alieleza kwamba katika 和 sehemu ya kinywa ndiyo inayobeba maana, na sehemu ya nafaka imewekwa kuonyesha matamshi, kwa sababu nafaka nayo husomwa hé. Na maana ya asili, kwa maelezo yake, ni sauti zinazoitikiana. Mmoja anatoa sauti, mwingine anajibu. Kuna herufi ya zamani yenye maana ya karibu na hii, 龢, ambayo badala ya kinywa ina picha ya ala ya muziki ya mabomba yanayopulizwa pamoja.

Basi ukiulizwa maelezo gani ni sahihi kwa historia, jibu ni la pili. Lakini yale ya kwanza nayo yameishi katika vichwa vya watu kwa muda mrefu, na ni msaada mzuri wa kukumbuka. Sisi katika somo hili tutayatumia yote mawili: nafaka, na kinywa kinachoitikiwa.

3. Waziri na supu

Kuna habari ya kale inayoeleza herufi hii vizuri kuliko kamusi. Inasimuliwa kuwa ya mwaka 522 kabla ya Kristo, katika dola ya Qi, mashariki ya China.

Mtawala wa Qi alirudi kutoka kuwinda. Mtumishi wake mmoja, Liangqiu Ju, akaja mbio kumlaki. Mtawala akafurahi, akamwambia waziri wake Yan Ying kwamba huyo Ju ndiye mtu pekee anayepatana naye. Alitumia neno letu, hé. Yan Ying akakataa. Akasema Ju hapatani na mtawala. Anafanana naye tu. Mtawala akauliza: je, kupatana na kufanana si kitu kimoja?

Yan Ying akajibu kwa mfano wa supu. Ukipika samaki au nyama unahitaji maji na moto, siki na chumvi, na viungo vingine. Mpishi anavilinganisha: kilichopungua anaongeza, kilichozidi anapunguza. Huko ndiko kupatana. Lakini ukitia maji kwenye maji ili kuyakoleza, nani atakula? Tena akasema: mtawala akisema "ndiyo", na ndani ya ndiyo hiyo pana kosa, mtumishi mwema analionyesha kosa ili ndiyo ikamilike. Ju yeye husema ndiyo kwa kila ndiyo, na hapana kwa kila hapana.

Mama zetu wanaopika sombe wanaelewa mfano huu bila tafsiri. Sombe ina majani yake, ina mawese, ina chumvi, ina samaki ukibahatika, ina pilipili. Kila kimoja kinabaki na ladha yake, na chungu ni kimoja. Mawese hayalazimishwi kuwa chumvi.

Confucius, aliyekuwa kijana wakati wa Yan Ying, naye anakumbukwa kwa fundisho kama hilo: mtu mwema hupatana na wenzake bila kulazimika kufanana nao, na mtu mdogo hufanana nao bila kupatana. Viongozi, tulisome fundisho hili mara mbili. Mkutano ambamo kila mtu amesema ndiyo unaweza kuwa mkutano ambamo hakuna aliyepatana.

4. Herufi hii inavyotumika

Katika Kichina herufi moja huungana na nyingine kuunda maneno. Haya ni machache yanayotufaa:

- 和平 (hépíng), amani. Herufi ya pili maana yake ni tambarare, sawasawa, pasipo bonde wala kilima.
- 和谈 (hétán), mazungumzo ya amani.
- 和好 (héhǎo), kuwa wazuri tena baada ya kugombana, kama mke na mume au ndugu wawili.
- 和解 (héjiě), upatanisho. Herufi ya pili maana yake ni kufungua, kufumua, na imeundwa kwa pembe, kisu na ng'ombe. Ni picha ya mtu anayempasua ng'ombe kwa kisu, kiungo kwa kiungo.
- 和棋 (héqí), mchezo wa bao la Kichina uliokwisha sare, bila mshindi.
- 维和 (wéihé), kulinda amani. Ndilo neno wanalotumia kwa askari wao walio chini ya Umoja wa Mataifa. Wahandisi na waganga wa jeshi la China walianza kuhudumu katika nchi yetu mwaka 2003.

Herufi hii pia ina matamshi mengine. Ikisomwa hè, maana yake ni kuitikia wimbo: mmoja anaanza, wengine wanapokea. Waliopiga makasia kwenye Mto Kongo wanajua jambo hili. Bila kuitikiana makasia yanagongana. Ikisomwa huó, maana yake ni kukanda unga na maji mpaka vishikane. Aliyesonga fufu anajua kwamba kazi hiyo ni ya mkono wenye nguvu, na kwamba ukiacha mapema mabonge yanabaki.

Na ile maana ya "na"? Hapo Kichina na Kiswahili vinakutana. Sisi tunasema "mimi na wewe", na tunasema "niko na wewe". Neno "na" linahesabu watu, na pia linawaweka pamoja. Halimfuti yeyote. Ukisema "Lubunga na Makiso" hujasema Lubunga imemezwa na Makiso. Umetaja mbili, umeziunganisha.

5. Onyo: amani iliyoandikwa juu ya mlango

Tusidhani kwamba nchi yenye herufi nzuri haina taabu. Katika jumba la wafalme la Beijing, kumbi tatu kubwa zilipewa mwaka 1645 majina mapya, na kila jina lina 和 ndani yake. Mwaka huo ulikuwa wa vita: ukoo mpya wa wafalme ulikuwa umechukua kiti mwaka mmoja tu kabla.

Karibu na sisi zaidi, mwaka 2004 chama kinachotawala China kilitangaza lengo la kujenga "jamii ya maelewano", 和谐 (héxié). Baadaye wananchi kwenye intaneti, maandishi yao yalipofutwa, wakaanza kusema kwa dhihaka kwamba "yamepatanishwa". Neno hilo nalo lilipozuiwa mahali pengi, wakaandika neno jingine lenye matamshi yanayokaribiana, lenye maana ya kaa wa mtoni. Mwaka 2008, tarehe 8 Agosti, herufi 和 ilionyeshwa kwa fahari mbele ya dunia nzima katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki mjini Beijing. Herufi ni ileile. Kwa wengine ilikuwa shangwe, kwa wengine ilikuwa mkono uliofunika kinywa.

Jambo hili si la China peke yake. Hata kwetu neno amani limetumika kunyamazisha: "Acheni maneno, tunataka amani." Ukiondoa 口 kwenye 和, inabaki nafaka peke yake. Chakula bila sauti ni cha mifugo.

6. Kwetu Tshopo

Sasa tuilete herufi hii nyumbani.

Mwezi Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Walengola na Wambole ulilipuka upande wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu ya familia za jamii zote mbili zilikimbia. Wengi walivuka mto na kukaa katika shule, katika viwanja vya makanisa na katika makao ya muda mjini.

Chanzo kilikuwa shamba, yaani 禾. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliweka kwamba ardhi ni mali ya Dola. Vijijini watu waliendelea kuishi kwa mipaka ya mababu: mto huu, mti ule, kaburi la babu. Sheria mbili zinapolala juu ya shamba moja, na mashamba makubwa yakigawiwa, kila jamii inauliza: nani alisema, na alisema kwa niaba ya nani? Hilo ni swali la 口. Kwa hiyo sehemu zote mbili za herufi zilivunjika pamoja. Watu walipoteza nafaka, na walikuwa wamekwisha kuhisi kwamba hawakuwa na kinywa.

Ndiyo maana tunasema kurudi nyumbani kunahitaji zote mbili. Familia ikipewa mbegu na jembe, lakini mipaka ikaamuliwa katika mkutano ambao haikuitwa, imepewa nusu ya herufi. Familia ikiitwa kwenye mkutano na kusikilizwa vizuri, kisha ikarudi kwenye shamba inaloogopa kuingia, imepewa nusu nyingine.

Katika kikundi kimoja tulichofanya zoezi hili, mzee mmoja aliweka kijiti chini akauliza: "Na kama aliyechoma nyumba yangu ndiye jirani yangu, nitamwitikia nini?" Swali hilo halipaswi kupitwa haraka. Tulijibu kwa herufi zilezile.

Kwanza, kuitikia si kukubali. Yan Ying alimwitikia mtawala wake kwa kumwambia hapana. Mzee ana haki ya kumjibu jirani yake: "Ulinifanyia hivi, na nilipoteza hiki." Hiyo nayo ni sauti katika mazungumzo. Kinachoua mazungumzo ni kunyamaza au panga.

Pili, katika 和解 mna kisu. Upatanisho ni kazi ya kufungua kiungo kwa kiungo: nani alifanya nini, nyumba ngapi, mazao gani, nani alipe, nani ashitakiwe. Korti ina sehemu yake, na wazee wana sehemu yao. Asiyetaka kufungua atabaki na ng'ombe mzima aliyeoza.

Mji wetu una ushahidi wa jambo hilo. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita. Mabomu yalipoacha kuanguka, wengi duniani walisema yamekwisha. Waliopoteza watoto hawakusema hivyo. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka 1998 hadi 2003, yakiwemo yaliyotokea hapa. Kati ya kunyamaza kwa bunduki na uamuzi huo ilipita zaidi ya miaka 21. Kunyamaza ni mwanzo. Kufunguliwa kwa fundo ni kazi nyingine.

Tatu, herufi haimwambii mzee ampende jirani yake kesho. Inaanza na neno dogo: "na". Wewe na yeye mko. Mto utawavusha wote wawili, soko litawakutanisha, watoto watakaa benchi moja. Swali ni mtakaa vipi, na nani atalisema.

7. Zoezi la kikundi

Gawanyeni watu katika vikundi vya 6 hadi 8. Pale panapowezekana, kila kikundi kiwe na watu wa jamii tofauti, wanawake na vijana. Pale ambapo bado kuna hofu, anzeni kila jamii peke yake.

- Kila mmoja aandike 和 mchangani mara tatu. Anayemaliza amsaidie wa kando yake.
- Chini ya 禾, kikundi kitaje vitu vitatu ambavyo familia zinahitaji ili ziishi: shamba gani, mbegu gani, njia ipi iwe salama.
- Chini ya 口, kitaje watu watatu ambao hawakusikika katika mikutano iliyopita. Msitaje majina, semeni wajane, vijana, wapangaji, na kadhalika.
- Mmoja aseme sentensi moja ya malalamiko yake. Wa pili, kabla ya kujibu, arudie alichosikia mpaka wa kwanza akubali kwamba amesikiwa. Kisha wabadilishane.
- Malizeni kwa wimbo wa kuitikiana ambao watu wote wanaufahamu, katika lugha yoyote.

Maswali ya mazungumzo

1. Katika makao yenu, ni kipi kinakosekana zaidi sasa: nafaka au kinywa? Mbona?
2. Kiongozi anawezaje kujua kama watu wamepatana naye au wanafanana naye tu kwa woga?
3. Ni mara gani mmesikia neno amani likitumika kunyamazisha mtu? Mlifanya nini?
4. Katika mgogoro wenu, ni kiungo kipi kinaweza kufunguliwa kwanza bila kungoja vingine?
5. Nani mngeweza kumweka baada ya neno "na" mwaka huu, ambaye mwaka jana hamkuweza?

Viongozi, mchoreni 和 mahali ambapo kikundi kinakutania, kwa chaki au kwa mkaa. Kabla ya kufunga kila mkutano, mwonyesheni mtoto mmoja aguse upande wa kushoto na kuuliza: "Shamba tumelizungumza?" Kisha aguse upande wa kulia: "Na nani hajasema?" Jibu la swali la pili likiwa ni jina la mtu aliyepo, mkutano uendelee.